Katharina von Bora, mama aliyekimbia mara nne



Baada ya ile semina ya jinsia iliyofanyika hapa kwetu, maneno yalikuwa mengi. Baadhi ya wababa walisema mafundisho hayo yamekuja kuvunja nyumba zetu. Baadhi ya wamama wakajibu kwamba nyumba nyingine zilikwisha kuvunjika zamani, na aliyezivunja ni baba anayechukua unga wa kadi na kwenda kuuza. Mimi nilisikiliza pande zote mbili, nikamkumbuka mama mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita. Wanaopigania haki za wanawake humtaja kama mtangulizi wao. Sisi tunaoshika mafundisho ya zamani humtaja kama mfano wa mke mwema. Nadhani pande zote mbili hatujamsoma vizuri.

Katharina von Bora alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika nchi ya Saksonia, huko Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa heshima lakini mali ilikuwa imekwisha. Alipokuwa na umri wa miaka mitano au sita hivi, baba yake alimpeleka kwenye nyumba ya masista asomeshwe, na baadaye akahamishiwa nyumba nyingine ya Nimbschen, karibu na mji wa Grimma. Shangazi yake alikuwa sista humo. Mwaka 1515, akiwa na miaka 16, aliweka nadhiri za utawa. Hatuwezi kusema alichagua mwenyewe, maana mtoto wa miaka mitano hachagui. Lakini tuseme kweli pia: humo ndimo alimojifunza kusoma na kuandika, jambo ambalo wasichana wengi wa wakati ule hawakulipata.

Maandiko ya Martin Luther yalipoanza kuenea, yalipenya hata kwenye kuta za Nimbschen. Luther alifundisha kwamba nadhiri za utawa hazimwokoi mtu, na kwamba mama anayeosha nguo za mtoto wake anamtumikia Mungu sawasawa na sista aliye kwenye maombi. Masista kumi na wawili wakaamua kutoka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 1523 mfanyabiashara wa Torgau, Leonhard Koppe, ambaye alizoea kuwaletea samaki wa chumvi, aliwatorosha kwa gari lake la farasi. Watu hupenda kusimulia kwamba walifichwa ndani ya mapipa ya samaki. Huenda ni hadithi tu. Hatari yenyewe haikuwa hadithi, kwa sababu sheria ilimhukumu kifo anayetorosha masista. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Katharina kukimbia, akiwa na miaka 24.

Tisa kati yao walifika Wittenberg bila kitu. Wengine wakarudi kwa ndugu, wengine wakaolewa. Katharina alibaki wa mwisho. Kijana mmoja wa Nuremberg alimpenda, lakini wazazi wa kijana hawakutaka binti aliyetoroka utawani. Ndipo akaletewa mchungaji mmoja mzee, aitwaye Glatz. Mkimbizi asiye na ndugu wala senti, mnajua jinsi anavyoambiwa: shukuru kwa unachopewa. Yeye alikataa. Alimweleza rafiki wa Luther, Nikolaus von Amsdorf, kwamba yuko tayari kuolewa na Amsdorf mwenyewe au na Luther, lakini si na Glatz. Wakaoana na Luther tarehe 13 Juni 1525. Bwana harusi alikuwa na miaka 41, bibi harusi 26. Maadui walicheka, na hata Philipp Melanchthon, msaidizi mkuu wa Luther, alinung'unika kwamba huu haukuwa wakati wa harusi, nchi ikiwa kwenye vita vya wakulima.

Hivyo Katharina akawa mama mchungaji, kazi ambayo wakati ule ilikuwa haijulikani bado. Hakukuwa na wa kumfundisha.

Walipewa nyumba ya watawa ya zamani, kubwa na chakavu. Luther hakujua fedha. Hakupokea malipo kwa vitabu vyake, na alimpa kila aliyeomba. Inasimuliwa kwamba askofu mkuu wa Mainz, ambaye alikuwa upande wa wapinzani, aliwatumia gulden 20 za harusi. Luther akataka zirudishwe, Katharina akazipokea. Mimi simlaumu. Alikarabati nyumba, akapanga vyumba kwa wanafunzi waliolipa, akalima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, akawa na bwawa la samaki. Alitengeneza pia bia ya nyumbani, na wazee wa kanisa wasinikasirikie, maana huko bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha kila siku mezani. Aliamka kabla ya mapambazuko. Mezani walikaa mara nyingi watu zaidi ya 30: watoto wake, watoto yatima wa ndugu, wanafunzi, wageni na wakimbizi wa dini. Yule shangazi yake wa Nimbschen naye alikuja akakaa nao, akasaidia kulea. Mwaka 1527 tauni ilipoingia mjini, nyumba hiyo ikawa hospitali.

Alizaa watoto sita. Elisabeth alikufa mwaka 1528 kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Magdalena alikufa mwaka 1542 akiwa na miaka 13, na wazazi wote wawili hawakuwahi kupona jeraha hilo.

Sasa tuje kwenye lile tunalobishania. Luther alifundisha bila kuficha kwamba mume ni kichwa cha mke, kama Paulo alivyowaandikia Waefeso, na Katharina hakulipinga fundisho hilo. Anayemfanya mama huyu kuwa mwana-ufeministi wa leo anamvika nguo isiyo yake. Lakini angalia kichwa hicho kilivyofanya kazi. Luther alimwachia mkewe fedha, mashamba, kununua na kuuza. Kwa utani alimwita bwana wake, na hakuona aibu kumwambia kila mtu kwamba bila yeye wangelala njaa. Katharina alikaa mezani wanaume walipojadili neno la Mungu, naye akaongea, ingawa wanafunzi wengine walichukia. Mwaka 1535 mumewe alimwahidi gulden 50 kama atamaliza kusoma Biblia nzima kabla ya Pasaka. Sijawahi kusikia baba wa kambini akitoa ahadi ya namna hiyo.

Jambo kubwa zaidi aliliandika tarehe 6 Januari 1542. Sheria ya Saksonia haikumruhusu mjane kurithi mali ya mumewe kama mrithi kamili, na ilitaka awekewe msimamizi mwanamume, yeye na watoto wake. Luther akaandika wosia kinyume cha desturi hiyo. Alimpa Katharina shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo, na vikombe na vito vya thamani, ili pia alipe madeni. Alieleza sababu: amekuwa mke mwaminifu, na ni afadhali watoto wamtegemee mama yao kuliko mama awategemee watoto. Hakutaka awekewe msimamizi, kwa kuwa aliamini mama mzazi ndiye msimamizi bora. Wachungaji na walimu wenzake watatu, mmoja wao Melanchthon, walitia sahihi. Luther hakuwapenda wanasheria, kwa hiyo hakuwatumia.

Luther alikufa tarehe 18 Februari 1546 mjini Eisleben, mbali na mkewe. Ndipo wosia ukapimwa. Mwanasheria mkuu wa mtawala, Gregor Brück, aliona kwamba mama huyu ana kiburi na atatapanya mali, akataka nyumba ipunguzwe na vijana wake wapelekwe kukaa kwingine. Mtawala aliuthibitisha wosia, lakini wasimamizi waliwekwa hata hivyo. Mama aliyelisha watu 30 kwa miaka 20 akaanza kuomba ruhusa. Hakukaa kimya: alipigania watoto wake wabaki naye, akapigania pia kununua shamba jingine la kuwalisha, akafaulu.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapowapinga wababa wetu, nami ni mmoja wao. Wanaokataa semina wanasema mwanamke akipewa madaraka ya mali nyumba hupotea. Luther, aliyeamini ukichwa wa mume kuliko sisi, hakuogopa hivyo. Alitumia ukichwa wake kumlinda mkewe dhidi ya sheria na dhidi ya wakubwa. Na kwa ndugu zetu wa semina nasema pia: waliomwonea mjane huyu hawakuyatoa maneno yao kwa Paulo. Waliyatoa kwenye sheria ya nchi na mazoea ya mahakama, na ni mume mchungaji aliyejaribu kuwazuia.

Mwaka huohuo wa 1546 vita vya Kaisari Karl wa Tano na watawala wa Kiprotestanti vilifika Saksonia. Katharina akakimbilia Magdeburg na watoto. Alirudi, na mwaka 1547, baada ya Waprotestanti kushindwa huko Mühlberg, akakimbia tena. Alitaka kufika Denmark, kwa mfalme aliyekuwa rafiki wa mumewe, lakini askari walikuwa wamejaa njiani, akaishia Gifhorn. Aliporudi nyumbani alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imekwisha. Wengi wetu tunaijua picha hiyo. Akakopa, akafungua tena vyumba kwa wanafunzi, akaandika barua nyingi za kuomba msaada kwa mfalme wa Denmark.

Mwaka 1552 tauni ilirudi, na chuo kikuu kikahamia Torgau. Katharina akaondoka Wittenberg kwa gari pamoja na Paul na Margarethe, watoto wake wa mwisho. Njiani farasi walishtuka wakakimbia ovyo. Mama akaruka ili awazuie, akaanguka vibaya kwenye mtaro wa maji baridi. Aliuguzwa Torgau karibu miezi mitatu, akafa tarehe 20 Desemba 1552, akiwa na miaka 53. Ni mji uleule wa Koppe aliyemtorosha miaka 29 kabla.

Luther amelala Wittenberg, ndani ya kanisa. Katharina amezikwa Torgau, katika kanisa la Mtakatifu Maria, na jiwe la kaburi lake linamwonyesha amesimama na kitabu mkononi.