Adrian Atiman: Mtoto aliyeuzwa utumwani, akawa tabibu wa Karema kwa miaka 67

WENGI waliopita Tabora katika karne ya 19 walifuata pembe za ndovu na watumwa. Adrian Atiman alipita hapo akielekea Ziwa Tanganyika kwenda kutibu wagonjwa. Tena, yeye mwenyewe aliwahi kuuzwa.

Alizaliwa takriban mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko alikombolewa kwa fedha na wamisionari wa White Fathers, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali.

Lavigerie aliona wamisionari wake wakifa kwa homa barani Afrika. Akaamua kuwasomesha tiba vijana wa Kiafrika waliokombolewa, kisha wapelekwe kufanya kazi kwenye misheni. Atiman alikuwa miongoni mwao. Alipelekwa kisiwani Malta mwaka 1881 na kuhitimu mwaka 1888.

Mwaka huo huo alianza safari ya kuja Afrika Mashariki. Ulikuwa wakati wa hatari, kwani Abushiri na wenzake walikuwa wameanza kupambana na Wajerumani katika mwambao. Kutoka pwani hadi Unyanyembe, ilipo Tabora, misafara ilitembea kwa takriban miezi mitatu, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Ndiyo njia ambayo watumwa walishushwa kuelekea pwani. Mtumwa wa zamani sasa aliipanda akiwa huru na mwenye elimu.

Alifika Karema mwaka 1889. Kituo hicho kilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa White Fathers mwaka 1885. Hapo alifanya kazi mbili kwa pamoja: kutibu wagonjwa na kufundisha dini akiwa katekista.

Tiba ya wakati huo ilikuwa na mipaka mikubwa. Tabibu wa kijijini alitegemea macho, masikio na mikono yake. Mtoto aliyekunywa maji bila kukata kiu, akakojoa mara kwa mara na kukonda, hakuwa na tumaini mbele ya tabibu yeyote duniani. Insulini ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, mwaka 1922, wakati Atiman amekwisha kukaa Karema miaka 33. Kingamwili za kongosho, ambazo leo huweza kuonyesha katika damu ya ndugu wa mgonjwa kwamba kisukari cha aina ya kwanza kinanyemelea, zilielezwa mwaka 1974, miaka 18 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, hakuondoka. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa watawala wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Aliwaona Wajerumani wakitawala na kushindwa, Tabora ikitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1916, kisha Waingereza wakishika hatamu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ilififia. Yeye aliendelea kutibu.

Alifariki dunia mwaka 1956 akiwa na umri wa takriban miaka 90, baada ya miaka 67 ya utumishi na miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika.

Karema sasa iko mkoani Katavi. Katika mkoa jirani wa Rukwa, mjini Sumbawanga, hospitali ya Kanisa Katoliki imepewa jina la Dk. Atiman. Hivyo, jina la mtoto aliyeuzwa kama bidhaa linaendelea kutajwa kila siku na watu wanaotafuta uzima.