Habari za Philipp Melanchthon, Mwalimu wa Kilatini

Jina la Martin Luther twalijua sote, lakini rafiki yake Philipp Melanchthon wengi hawamjui. Twapenda kuwasimulia habari zake, hasa jinsi alivyojifunza Kilatini na kukifundisha, na faida iliyolipata Kanisa kwa kazi hiyo.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, Ujerumani. Baba yake, Georg Schwarzerdt, alikuwa mfua silaha. Siku zile Kilatini kilikuwa mlango wa elimu yote: sheria, utabibu na mambo ya dini vilifundishwa vyuoni kwa lugha hiyo. Kwa hiyo babu yake alimtafutia mwalimu wa nyumbani, jina lake Johannes Unger. Huyu alimpa mistari ya mashairi ya Kilatini, naye mtoto alipaswa kueleza kila neno kwa kanuni za sarufi. Na kwa kila kosa alipigwa. Hata hivyo Philipp alipokuwa mtu mzima alimkumbuka kwa upendo, kama mwana amkumbukavyo baba.

Mwaka 1508 baba na babu wakafa, wakifuatana kwa siku chache, naye akiwa na umri wa miaka 11 tu. Akapelekwa shuleni Pforzheim. Huko ndugu yao, mtaalamu Johannes Reuchlin, alipendezwa na bidii yake, akampa jina jipya: Schwarzerdt maana yake ni udongo mweusi, naye akaligeuza kwa Kiyunani, likawa Melanchthon. Mwaka 1509 akaingia chuo cha Heidelberg, na mwaka 1511 akapata cheo cha kwanza cha elimu. Cheo cha pili akanyimwa kwa sababu ya utoto wake. Akahamia Tübingen, akakipata mwaka 1514, akaanza kuwafundisha wengine maandiko ya Warumi wa kale.

Mwaka 1518 akaitwa Wittenberg afundishe Kiyunani. Alikuwa kijana wa miaka 21, mdogo wa mwili, na watu walimwona si kitu. Lakini aliposimama kunena kwa Kilatini juu ya kutengeneza masomo ya vijana, wote walistaajabu, na Luther mwenyewe akafurahi mno.

Basi, likaja jaribu. Mwishoni mwa mwaka 1521, Luther akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, walifika Wittenberg watu kutoka Zwickau waliodai kwamba Roho husema nao pasipo vitabu. Walimu wengine wakahubiri kwamba elimu haina faida kwa Mkristo, afadhali mwanafunzi ashike jembe. Wanafunzi wengi wakaenda zao, hata shule ya watoto ikafungwa. Melanchthon alifadhaika asijue la kuwajibu. Hatusemi neno hili ili kumwaibisha, kwa maana nasi twajua ilivyo vigumu kumpinga mtu ajaye na maneno ya Roho kinywani. Luther aliporudi mwezi wa Machi 1522, mji ukatulia.

Tangu hapo Melanchthon alisimama imara. Mwaka 1523 alitoa hotuba ya kusifu ufasaha, akionyesha kwamba asiyejua maneno hawezi kuyaelewa Maandiko sawasawa. Nyumbani mwake alikaa na wavulana ambao Kilatini chao kilikuwa bado dhaifu. Walicheza michezo ya Terentius na Plautus, na aliyetunga mashairi mazuri kuliko wenzake alivikwa taji ya majani, akaitwa mfalme. Twaona kwamba mtoto aliyefundishwa kwa fimbo aliwafundisha wengine kwa furaha.

Mwaka 1528 kilichapishwa kitabu chake cha maagizo kwa wakaguzi wa makanisa na shule. Humo aligawa shule katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilijifunza kusoma. La pili lilishika sarufi pamoja na hadithi za Aesop na michezo ya Terentius. La tatu lilisoma mashairi ya Vergilius na Ovidius, na maandiko ya Cicero. Tena siku moja katika juma ilitengwa kwa Sala ya Bwana, Imani na Amri Kumi.

Hata ulipofika mwaka 1530, Kaisari Karl wa Tano aliwaita wakuu wa Ujerumani Augsburg, waeleze imani yao. Luther hakuweza kwenda, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya Kaisari, akabaki Coburg. Mzigo ukamwangukia Melanchthon. Akaandika na kusahihisha, siku kwa siku, na tarehe 25 Juni Ungamo la Augsburg likasomwa kwa Kijerumani, likatolewa kwa Kijerumani na Kilatini. Ndilo Ungamo tulishikalo sisi Walutheri hata leo. Kama angalitupa vitabu vyake mwaka ule wa fujo, nani angaliliandika kwa maneno yaliyopimwa hivyo?

Alikufa Wittenberg tarehe 19 Aprili 1560, akazikwa karibu na Luther. Watu wake walimwita Mwalimu wa Ujerumani.

Wazazi wenzetu, mtoto akilia juu ya sarufi usiku, na jirani akiuliza faida yake ni nini, tusiwe wepesi kumwondoa shuleni. Mistari ile aliyoieleza mtoto wa Bretten kwa machozi ilikuwa akiba, na Kanisa zima lilikula katika akiba hiyo.