Ulimi wa Ghazali Ulipogoma

Walimu tuna maradhi yetu. Tukishalijua jambo na kumudu kulifundisha, hudhani tumekwisha kulitenda. Maisha ya Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, yanatusuta katika hilo.

Ghazali alizaliwa yapata mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchini Iran ya leo. Alisoma Nishapur kwa al-Juwayni, mwanachuoni mkuu wa zama zile. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, alijiunga na baraza la Nizam al-Mulk, waziri wa dola ya Waseljuki. Mwaka 1091 waziri huyo alimkabidhi kiti cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad. Hakuwa ametimiza hata miaka 40, na tayari wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake.

Kwa nje hapakuwa na kasoro. Kwa ndani, Ghazali alikuwa amevisoma vitabu vya Masufi na kutambua kwamba njia yao haikamiliki kwa kusomwa tu, bali humtaka mja aachane na ayapendayo. Alipojipima nia, aliona kuwa hata ufundishaji wake ulisukumwa na uchu wa cheo na sifa. Basi alijua. Lakini kujua hakukumbandua alipokuwa. Tangu mwezi wa Rajabu mwaka 1095, kwa muda wa karibu miezi sita, alipiga hatua moja mbele na kurudi nyingine nyuma. Asubuhi aliazimia kuondoka; jioni azma ilikuwa imeyeyuka. Nafsi ilimshawishi kwamba hali ile ilikuwa ya kupita, na kwamba akikiacha cheo atakijutia asikipate tena.

Hatimaye mwili ukakata shauri. Ulimi wake ulifungika. Hata alipojilazimisha kufundisha ili kuwaridhisha wanafunzi, neno halikutoka. Chakula nacho kikakataa kupita. Matabibu walikata tamaa, wakasema chanzo cha maradhi ni moyo. Sisi tunaosomesha lugha hatuna budi kutafakari hapo: msemaji mashuhuri alinyamazishwa na umbali uliokuwapo baina ya maneno yake na maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka huo aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha wanawe. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali alikuwa amenuia kwanza kwenda Syria. Huko Damascus alijifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Kisha akazuru Yerusalemu, akahiji. Katika miaka hiyo ya upweke ndipo alipotunga Ihya Ulumiddin, kitabu ambacho wanazuoni wa pwani yetu wamekidurusu kwa vizazi vingi.

Aghalabu wasimulizi huishia hapo. Naona somo kubwa zaidi liko mbele. Upweke uliomwokoa ungeweza nao kugeuka mazoea. Mwaka 1106, baada ya miaka kama 11, alitakiwa arudi kufundisha Nishapur. Ghazali alijihoji iwapo kukaa kwake faraghani kulikuwa bado ibada, au kumekuwa uvivu na kukwepa maudhi ya watu. Akarejea darasani. Kazi ilikuwa ile ile. Nia ndiyo iliyobadilika. Awali alifundisha elimu ya kumpatia mtu cheo. Sasa alifundisha elimu ya kumwezesha kukiacha.

Waama, wahenga hawakukosea waliposema kuwa mazoea yana taabu. Taabu yenyewe ni kwamba mazoea hubadili mavazi: leo hujiita cheo, kesho hujiita uchaji. Kwa hivyo mwalimu aingiapo darasani, na mwanafunzi afunguapo kitabu, asitosheke kujiuliza anajua nini. Ajiulize pia ni lipi analolijua siku nyingi na bado hajaanza kulitenda. Ghazali alingoja miezi sita, mpaka ulimi ukamgomea. Si lazima nasi tungoje wetu ugome.