Walter Rodney: Msomi aliyeandikwa kuwa hana kazi

Cheti cha kifo cha Walter Rodney, kilichotolewa nchini Guyana baada ya kuuawa kwake mwezi Juni mwaka 1980, kilieleza kwamba marehemu hakuwa na kazi. Sababu ya kifo ilitajwa kuwa ni mkasa tu. Ilipita miaka 41 kabla ya serikali ya nchi hiyo kutangaza, mwaka 2021, kwamba maneno hayo yatasahihishwa: kazi ya marehemu isomeke profesa, na kifo chake kisomeke mauaji.

Kwa wengi katika Afrika Mashariki, kosa hilo ni la kushangaza. Mtu aliyeandikwa kuwa hana kazi ndiye aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiye aliyeandika akiwa huko mojawapo ya vitabu vilivyosomwa mno barani katika karne ya ishirini.

Hata hivyo, kosa hilo lina maana yake. Maisha ya Rodney, yaliyodumu miaka 38 tu, yalizunguka swali moja: kazi ya msomi wa chuo kikuu ni ipi hasa? Je, ni kupekua nyaraka, kufundisha, kuwaandikia wataalamu wenzake, au kuwaandikia wasiopata kukanyaga chuo? Jibu alilolitoa kwa matendo ni kwamba yote hayo ni usomi, na hakuna moja linaloruhusu uzembe kuliko jingine.

Mtoto wa fundi cherehani

Walter Anthony Rodney alizaliwa Machi 23, 1942, mjini Georgetown, katika koloni lililoitwa wakati huo Guiana ya Kiingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake pia alikuwa mshonaji.

Alipata nafasi ya masomo katika Queen's College, shule ya sekondari iliyosifika kuliko zote katika koloni hilo. Mwaka 1960 alikwenda kusoma historia katika Chuo Kikuu cha West Indies kilichoko Mona, Jamaica, na mwaka 1963 akahitimu kwa daraja la kwanza.

Kutoka hapo alivuka bahari hadi London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika, SOAS. Alichagua kuchunguza historia ya pwani ya Upper Guinea, kuanzia Gambia hadi Cape Mount ya Liberia ya leo, kati ya mwaka 1545 na 1800. Waliotawala biashara katika sehemu hizo kwa muda mrefu walikuwa Wareno, kwa hiyo kumbukumbu nyingi zilikuwa katika lugha yao. Ilimbidi Rodney azisome katika lugha yake ya asili, na kwenda kuzipekua mahali zilipohifadhiwa, ikiwemo Lisbon.

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alitunukiwa shahada ya udaktari. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1970. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba utumwa ambao Wazungu walidai kuukuta tangu zamani katika pwani hiyo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, zao la biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki yenyewe. Wanahistoria wakubwa walimpinga na mjadala ukaendelea kwa miaka. Kwa kipimo chochote cha chuo kikuu, hapo Rodney alikuwa amekwisha kuwa msomi kamili. Yeye hakuridhika.

Marufuku ya Jamaica

Mwaka huo wa 1966 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Aliikuta Tanzania katika mabadiliko makubwa. Mwezi Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza nafasi yake katika nchi iliyochagua Ujamaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1968 Rodney alirejea Jamaica kufundisha katika chuo alichosomea. Mchana alikuwa mhadhiri. Baada ya saa za kazi aliteremka katika mitaa ya mabanda ya Kingston, akaketi kitako na vijana wasio na ajira na Marastafari, akiwasimulia habari za dola za kale za Afrika na kusikiliza nao walivyouona ulimwengu. Mafunzo hayo hayakuwa na mtihani wala ada.

Serikali ya Waziri Mkuu Hugh Shearer iliingiwa na hofu. Oktoba 15, 1968, Rodney alipokuwa akirejea kutoka mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, Canada, alizuiwa kushuka katika ndege mjini Kingston. Siku iliyofuata wanafunzi waliandamana, masikini wa jiji wakajiunga nao, na ghasia zikazuka. Watu kadhaa walipoteza maisha.

Aliyoyazungumza na watu wa mitaani yalitoka mwaka 1969 katika kitabu kidogo, The Groundings with My Brothers. Jambo moja lilikuwa limedhihirika. Hakuna serikali iliyotishwa na Rodney alipokuwa amejifungia na nyaraka za Kireno. Kilichozitia wasiwasi ni pale elimu hiyo ilipovuka lango la chuo.

Miaka ya Mlimani

Mwaka 1969 alirudi Dar es Salaam, na safari hii alikaa hadi 1974. Mlimani ulikuwa uwanja wa hoja. Wanafunzi wa chama cha USARF, ambacho mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986, walitoa jarida lililoitwa Cheche. Miongoni mwa waliolijenga walikuwa Karim Hirji na Issa Shivji. Rodney aliliandikia, lakini hakuwa bwana wao. Alikuwa mwalimu aliyekubali kubishiwa. Mwaka 1970 chama na jarida vyote vilipigwa marufuku.

Yeye mwenyewe aliionja hasira ya wenyeji wake. Desemba 1969, baada ya kutoa hoja kali kuhusu serikali za Afrika huru katika semina ya vijana, gazeti la chama cha TANU, The Nationalist, lilimkaripia katika tahariri. Rodney alijibu kwa maandishi na akaendelea kufundisha. Tanzania ilimkosoa waziwazi lakini haikumfukuza, jambo ambalo Jamaica ilishindwa kulifanya.

Darasani alijiandaa kwa bidii ile ile aliyoitumia katika nyaraka. Mihadhara yake ya mwaka 1970 na 1971 kuhusu Mapinduzi ya Urusi ilikuwa na uzito wa kutosha kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2018, miaka 38 baada ya kifo chake. Alikwenda pia Makerere kujadiliana hadharani na Profesa Ali Mazrui, Mkenya aliyekuwa na mtazamo tofauti kabisa na wake.

Tena aliugeuza utafiti kuwa kazi ya pamoja. Aliwaingiza Kapepwa Tambila na Laurent Sago katika uchunguzi wa historia ya manamba, wale vibarua waliosombwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge katika mashamba ya wakoloni. Kazi hiyo ilichapishwa mjini Hamburg mwaka 1983, na majina yote matatu yakawekwa juu yake.

Kitabu cha mwaka 1972

Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, walichapisha How Europe Underdeveloped Africa. Kitabu hicho kinaanzia Afrika kabla ya kuja kwa Wazungu katika karne ya 15 na kuishia mwaka 1960. Hoja yake kuu ni kwamba maendeleo ya Ulaya na udumavu wa Afrika ni pande mbili za historia moja: upande mmoja ulitajirika kwa njia iliyoufukarisha mwingine.

Muundo wa kitabu ulikuwa uamuzi wa makusudi. Mtu aliyejua kuijaza kurasa rejea za Lisbon sasa aliziacha nyingi, na badala yake akaweka mwishoni mwa kila sura mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma zaidi. Alitangaza wazi kwamba anawaandikia Waafrika wanaotaka kuelewa unyonyaji, si kutafuta idhini ya wakubwa wa taaluma. Mswada ulisomwa na kukosolewa na Hirji pamoja na Henry Mapolu. Neno la mwisho kitabuni liliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri, ambaye mwaka huo huo wa 1972 aliwekwa kizuizini.

Wapo wanazuoni waliodai kwamba Rodney amejumlisha mno mambo, na kwamba amewapa watawala wa ndani ya Afrika lawama ndogo kuliko wanayostahili. Mabishano hayo hayajaisha. Lakini kuunganisha karne tano katika lugha ambayo mwalimu wa sekondari anaielewa ni kazi ngumu, na wachache wamethubutu kuirudia.

Lugha ya sokoni

Kwa nini basi aliondoka? Katika mazungumzo aliyoyafanya mjini Amherst, Marekani, mwaka 1975, Rodney alitoa sababu ambayo wasemaji wa Kiswahili wana haki ya kuitafakari. Alieleza kwamba ili mtu achangie kwa dhati katika mapambano ya watu, hana budi kuimudu lugha yao kama inavyosemwa sokoni, pamoja na mizaha na mafumbo yake. Aliona kwamba kwa Kiswahili asingeifikia daraja hiyo bila kutumia miaka mingi sana, ilhali kwao Guyana alikuwa nayo tangu utotoni.

Haya yalikuwa maungamo ya mtafiti. Aliyejua kusoma Kireno cha karne ya 16 alikiri kwamba kuisoma karatasi si sawa na kumwelewa mtu.

Profesa bila chuo

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Guyana kilimteua kuwa profesa wa historia. Familia ilifunga safari, lakini serikali ya Forbes Burnham ikaingilia na uteuzi ukabatilishwa. Huo ndio mwanzo wa yale maneno ya cheti cha kifo.

Rodney angeweza kupata kazi ng'ambo, na mara kwa mara alikwenda Marekani na Ulaya kutoa mihadhara ili kuikimu familia. Lakini kila mara alirudi. Aliwafundisha wachimbaji wa boksiti mjini Linden. Aliendesha mafunzo chini ya nyumba za watu, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani ya Guyana hujengwa juu ya nguzo, na uvuli wa chini yake ni baraza. Aliandika hadithi za watoto, moja ya Kofi Baadu aliyetoka Afrika na nyingine ya Lakshmi aliyetoka India, ili watoto wa jamii hizo mbili zilizofarakanishwa wajue walivyofikaje katika nchi moja.

Wakati huo huo aliendelea kuchimba nyaraka. Matokeo yake ni historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya mwaka 1881 na 1905. Humo anaonyesha jinsi watumwa walivyohamisha kwa sepetu zaidi ya tani milioni 100 za udongo mzito kujenga kingo na mifereji iliyozuia bahari isimeze mashamba ya miwa. Kitabu kilitoka mwaka 1981, naye hayupo tena. Mwaka 1982 Chama cha Wanahistoria wa Marekani kilikipa tuzo ya Albert Beveridge.

Juni 13, 1980

Chama alichokiongoza pamoja na wenzake, Working People's Alliance, kiliwakusanya Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India dhidi ya utawala wa Burnham. Julai 1979 Rodney alikamatwa na kushitakiwa kufuatia kuchomwa kwa jengo la serikali. Aprili 1980, licha ya kuzuiwa kusafiri, alifika Zimbabwe kushuhudia uhuru wa nchi hiyo.

Jioni ya Ijumaa, Juni 13, 1980, akiwa ndani ya gari mjini Georgetown pamoja na mdogo wake, Donald, bomu lililofichwa katika simu ya upepo lililipuka mapajani mwake. Alifariki papo hapo. Chombo hicho kilitoka kwa Gregory Smith, sajini wa jeshi, ambaye alitoroshwa nchini na kufia French Guiana mwaka 2002. Tume ya uchunguzi iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2016 ilihitimisha kwamba njama hiyo isingewezekana bila Burnham kuijua. Chama alichokiacha Burnham kiliyakataa matokeo hayo. Donald, aliyenusurika na kisha kuhukumiwa kwa kupatikana na vilipuzi, alisafishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021.

Vyuo vikuu vya leo, Afrika na kwingineko, huwapima wahadhiri kwa idadi ya makala katika majarida. Kwa kipimo hicho Rodney angefaulu. Lakini fomu hiyo haina nafasi ya kijana wa Kingston, mchimbaji wa Linden, au mtoto aliyesoma habari za Lakshmi. Karani wa Georgetown alikosea mwaka 1980 kwa kuwa mtu huyo hakuwa na mwajiri. Cheti kimeamriwa kusahihishwa. Fomu za vyuo bado.