Sontonga: Mwalimu wa kwaya ambaye wimbo wake huimbwa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

WANAFUNZI wa shule za mjini Tunduma wanapopanga mistari asubuhi na kuimba Wimbo wa Taifa, wenzao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka katika ardhi ya Zambia, nao huimba wa kwao. Maneno ya nyimbo hizo ni tofauti, lakini tuni ni moja.

Aliyeitunga tuni hiyo hakuwa Mtanzania wala Mzambia. Ni Enoch Mankayi Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya nchini Afrika Kusini, aliyefariki dunia Aprili 18, 1905 akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Hakushika cheo cha siasa, hakuacha mali, na kwa miongo mingi hata kaburi lake halikujulikana lilipo.

Sontonga alizaliwa mwaka 1873 mjini Uitenhage, mashariki mwa iliyokuwa Koloni la Cape, katika ukoo wa Mpinga wa kabila la Waxhosa. Alipata mafunzo ya ualimu katika Chuo cha Lovedale, kilichoendeshwa na wamisionari wa Kiskoti, ambacho wakati huo kilikuwa miongoni mwa vyuo vichache vilivyomfungulia kijana wa Kiafrika mlango wa elimu.

Baada ya mafunzo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1886 baada ya kugunduliwa dhahabu, na maelfu ya wanaume wa Kiafrika walikuwa wakimiminika huko kufanya kazi migodini, mbali na wake na watoto wao. Ni katika mazingira hayo kijana Sontonga alifundisha darasani na kuongoza kwaya.

Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, na Mungu akawajalia mtoto mmoja wa kiume. Imani ndiyo iliyokuwa msingi wa nyumba hiyo. Mbali na ualimu, Sontonga alikuwa mhubiri asiye na daraja la uchungaji, na katika muda wake wa mapumziko alipenda kupiga picha.

Lakini kilichomtambulisha zaidi ni muziki. Nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, akiandika maneno yake pamoja na tuni kwa mfumo wa solfa, ule ule ambao wanakwaya wengi wa makanisa ya hapa nchini wanaufahamu kwa do, re, mi. Zote alizikusanya kwenye daftari la mazoezi, akiwa na nia ya kuzichapisha siku moja.

Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo aliouita Nkosi Sikelel' iAfrika, kwa lugha ya Kixhosa. Haukuwa wimbo wa siasa bali sala, ukimwomba Mungu alibariki bara zima. Mwalimu huyo, aliyeishi chini ya utawala uliompangia Mwafrika mahali pa kukaa na pa kupita, hakuliombea kabila lake peke yake wala koloni alimozaliwa.

Wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Mboweni wa Kanisa la Methodisti. Miaka hiyo hiyo, wamisionari wa Moravian walikuwa wakijenga kituo chao Mbozi, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, na kuanzisha shule na uimbaji wa ibada. Kwa maneno mengine, mazingira yaliyomlea Sontonga, ya mwalimu wa misheni na kwaya yake, si mageni kwa wakazi wa ukanda huu.

Kifo kilimkuta mwaka 1905 kabla ya kuchapisha hata wimbo mmoja wa daftari lile. Alimwacha Diana akiwa mjane na mtoto wa kulea. Waongoza kwaya walifika kuziazima nyimbo za marehemu, daftari likapita mkono kwa mkono ndani na nje ya familia, na hatimaye likapotea. Inasimuliwa kwamba mjane huyo aliuza haki ya wimbo maarufu wa mumewe kwa senti sita tu za Kiingereza. Diana alifariki dunia mwaka 1929.

Wakati huo, wimbo ulikwishatoka mikononi mwa familia. Kwaya ya Chuo cha Ohlange, kilichoanzishwa na John Dube, iliueneza katika matamasha. Januari 8, 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress (ANC), wimbo huo uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwandishi na mwanasiasa Sol Plaatje aliurekodi mjini London mwaka 1923, na miaka miwili baadaye ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zilizochapishwa mwaka 1927.

Kutoka huko wimbo ulisafiri kuelekea kaskazini. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, iliuchukua kuwa Wimbo wa Taifa kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Mpangilio wa beti zake mbili umeifuata nia ya mtunzi: Afrika huombewa kwanza, kisha ndipo ifuate nchi. Zambia, iliyopata uhuru Oktoba 24, 1964, ilibakiza tuni na kuandikiwa maneno mapya yanayoitukuza nchi hiyo, ingawa kiitikio chake bado kinamsifu Mungu. Zimbabwe nayo iliutumia kuanzia uhuru wake mwaka 1980 hadi 1994.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Januari 1962, Nelson Mandela alitoroka nchini mwake na kutua kwa ndege ndogo mjini Mbeya, takriban kilometa 100 kutoka Tunduma, kabla ya kuendelea na safari hadi Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Julius Nyerere. Alikuwa ameingia katika nchi huru ambayo wimbo wake wa Taifa ulikuwa ule ule uliokuwa ukiimbwa katika mikutano ya chama chake, kwao ambako Waafrika walikuwa bado hawajawa huru.

Afrika Kusini ilipopata demokrasia mwaka 1994, wimbo wa Sontonga ulifanywa kuwa mmoja wa nyimbo mbili za taifa hilo, na mwaka 1997 nyimbo hizo ziliunganishwa kuwa moja. Lakini kulikuwa na swali la aibu: mtunzi mwenyewe amezikwa wapi?

Utafutaji ulikuwa mgumu. Ilijulikana kuwa alizikwa katika makaburi ya Braamfontein mjini Johannesburg, lakini kwenye daftari la makaburi jina la Sontonga halikuonekana. Baadaye ilibainika kuwa aliandikishwa kwa jina lake la kwanza tu, Enoch, katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya Wakristo Waafrika. Utawala wa siku zile haukuona haja ya kuandika jina la ukoo la mwalimu huyo.

Septemba 24, 1996, Mandela, wakati huo akiwa Rais, alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo, na kaburi likatangazwa kuwa urithi wa Taifa. Nishani aliyotunukiwa marehemu ilipokelewa na mjukuu wake. Miaka 91 ilikuwa imepita tangu azikwe.

Kwa Tunduma, historia hii haiko mbali. Malori yanayopanga foleni hapa katika barabara ya Tanzam huunganisha Bandari ya Dar es Salaam na nchi za kusini hadi Johannesburg alikoishi Sontonga. Mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Na kila viongozi wa nchi hizi wanapokutana kwa shughuli rasmi, bendi hupiga tuni ya Sontonga mara mbili, moja kwa kila bendera.

Watoto wa pande zote mbili hufundishwa maneno ya wimbo wao mapema, wasimame vipi unapoimbwa na kwa nini wauheshimu. Ni haki ya marehemu kwamba wafundishwe pia jina lake kamili, ambalo daftari la Braamfontein liliacha kuliandika.