Annalena Tonelli: Aliyewapa wafugaji wa Wajir tiba ya kifua kikuu

KATIKA miaka ya sabini, mfugaji wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, uliosimamiwa kutoka Garissa, akiugua kifua kikuu alikabiliwa na hiari mbili chungu: kukaa karibu na hospitali mwaka mzima au zaidi akimeza dawa, au kuandamana na ngamia wake kutafuta maji. Wengi walifuata mifugo. Dawa ilipoachwa njiani, bakteria waliosalia walizaana upya, pengine wakiwa sugu. Nao hustawi zaidi katika mwili ulioishiwa kinga, uwe umedhoofishwa na njaa au na maradhi kama saratani ya damu.

Fundo hilo lilifunguliwa mjini Wajir na Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyezaliwa Forlì mnamo 1943. Hakuwa daktari, alisomea sheria na kuja Kenya mwaka wa 1969 kufundisha. Wengi walimdhania mtawa, ilhali hakuwa wa shirika lolote la kidini.

Mnamo 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wafugaji. Badala ya kuwafungia wodini, aliwaacha wagonjwa wajenge vibanda vyao wenyewe mbele ya kituo. Kijiji hicho kiliitwa Bismillahi Manyatta. Kila mmoja alimeza dawa mhudumu akishuhudia, kwa miezi sita tu, kwani dawa mpya kama rifampicini zilikuwa zimefupisha tiba. Kisha alirudi kwa mifugo yake akiwa mzima. Katika miaka ya tisini, WHO ilieneza ulimwenguni mkakati wa DOTS, wenye msingi uo huo wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa.

Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na kuwaua mamia yao. Tonelli aliwaokota na kuwauguza majeruhi, akasaidia kuzika maiti na kufichua unyama huo. Baadaye alilazimishwa kuondoka Kenya.

Aliendeleza kazi yake Somalia, hatimaye Borama, Somaliland. Mwaka wa 2003 alipokea Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huo huo, alipigwa risasi na kuuawa katika eneo la hospitali aliyoianzisha Borama, kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 60.