Karl von Terzaghi

Karl von Terzaghi (Prague, 2 Oktoba 1883 – Winchester, Massachusetts, 25 Oktoba 1963) alikuwa mhandisi na profesa kutoka Austria, baadaye raia wa Marekani. Hutajwa mara nyingi kama baba wa mekanika ya udongo, yaani elimu inayoeleza kwa hesabu namna ardhi inavyobeba mzigo, inavyotitia na inavyoporomoka. Sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu mabwawa, yakiwemo ya kuzalisha umeme.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa afisa wa jeshi la Austria-Hungaria. Alisoma uhandisi wa mitambo huko Graz na kuhitimu mwaka 1904, ingawa moyo wake ulikuwa zaidi kwenye jiolojia. Akiwa kijana alifanya kazi za umeme wa maji katika eneo la miamba ya chokaa la Kroatia. Wahandisi wa wakati ule waliweza kukokotoa nguvu ya chuma na zege, lakini kuhusu ardhi iliyobeba jengo walibahatisha tu. Mwaka 1912 alikwenda Marekani kutembelea mabwawa yaliyokuwa yakijengwa, akitumaini kwamba jiolojia ingempa jibu. Alirudi bila jibu hilo: udongo wenye jina moja ulitenda hivi hapa na vingine kule.

Istanbul

Mwaka 1916 alianza kufundisha uhandisi Istanbul. Vita vilipokwisha alipoteza nafasi hiyo, akahamia Robert College katika mji huohuo. Hapo hakuwa na maabara ya maana. Vifaa vyake vya kwanza alivitengeneza kwa masanduku ya sigara na vitu vilivyotupwa. Lakini ni kwa vifaa hivyo alipata wazo lililobadilisha fani nzima. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unapobebeshwa jengo, mzigo hubebwa kwanza na maji yaliyo katikati ya chembe. Maji yakikamuliwa polepole, mzigo huhamia kwenye chembe zenyewe, na ardhi hutitia. Ndiyo sababu jengo linaweza kusimama sawa siku ya ufunguzi na kuzama miaka baadaye. Kitabu chake cha mwaka 1925, kilichoandikwa kwa Kijerumani, kilimfanya ajulikane, na mwaka huohuo aliitwa kufundisha MIT.

Vienna na Harvard

Mwaka 1929 alirudi Austria kuwa profesa huko Vienna. Mwaka 1936 profesa mwenzake Paul Fillunger alitoa kijitabu kikali kilichodai kwamba nadharia zake hazikuwa na msingi. Chuo kiliunda tume ya uchunguzi, nayo ikampa Terzaghi haki. Machi 1937 Fillunger na mke wake walijiua. Ni haki kuongeza kwamba wataalamu wa baadaye walitambua kuwa Fillunger naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa nadharia ya vitu vyenye vinyweleo vilivyojaa maji.

Mwaka 1938, Ujerumani ilipoitwaa Austria, Terzaghi alihamia Marekani na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1948 alitoa pamoja na Ralph Peck kitabu cha mekanika ya udongo kinachotumika hadi leo.

Mabwawa

Terzaghi hakuamini hesabu peke yake. Alidai ardhi ipimwe wakati wa ujenzi, na mchoro ubadilishwe vipimo vikionyesha jambo lisilotarajiwa. Nchini Kenya alishughulikia bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi. Udongo wa pale ulishangaza: kwa vipimo vya kawaida ungekataliwa, lakini kwa kweli ulikuwa imara. Katika makala ya mwaka 1958 alieleza kwamba chembe zake ndogo zilishikamana kuwa vibonge vigumu. Kwa Bwawa Kuu la Aswan, Misri, aliongoza jopo la washauri, akajiuzulu mwaka 1959 baada ya kutofautiana na wahandisi wa Kisovyeti.

Kazi yake ngumu ya mwisho ilikuwa bwawa la Mission kwenye mto Bridge, British Columbia, Kanada, linalokusanya maji ya vituo vya umeme. Chini yake kulikuwa na mfinyanzi laini ambao lazima ungetitia. Badala ya kujaribu kuzuia mwendo huo, Terzaghi aliupangia: sehemu ya tabaka la kuzuia maji ilifunikwa kwa karatasi ya plastiki, ili hata mfinyanzi ukipasuka maji yasipite. Bwawa lilikamilika mwaka 1960. Mwaka 1965 lilipewa jina lake.